Anko wa Sinema: Tango ya filamu bubu, ni ya kweli ama ni nguo tu?

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu ile dansi ya tango ya filamu bubu (isiyo na sauti) ya 1921, sentensi moja jamani, na tangu hapo simu haijapumua. Kumbe wasomaji wa Kisumu na Nakuru mko macho usiku wa manane mkitazama sinema za enzi za babu zenu kwa bando ya bei rahisi. Haya basi, leo ni tango mwanzo hadi mwisho, na yule aliuliza kuhusu filamu za kung fu angoje zamu yake.

SWALI: Anko habari ya siku nyingi. Mimi nafundisha dansi za bolrumu jioni kwa ukumbi mmoja hapa Kisumu, wanafunzi ni kama kumi na wawili hivi, watu wa boda, wauza mitumba wa Kibuye, na mama mmoja wa omena. Juzi niliwaonyesha kwa simu ile tango ya mwigizaji Rudolph Valentino. Kijana mmoja akasema hio ndio orijino juu ni ya zamani. Mama wa omena akasema orijino gani, huyu mtu amevaa kama anaenda kuchunga ng'ombe sasa anacheza dansi ya town na kiboko mkononi? Tukabishana hadi mlinzi akatuzimia taa. Nani yuko sawa? – *Mwalimu wa Dansi, Kondele*

JIBU: Mwalimu, huyo mama mpe kiti cha mbele kuanzia leo, ako na jicho. Lakini kijana naye usimfukuze, kuna mahali amegusa bila kujua, nitafika huko.

Kwa wale hawajaiona, filamu inaitwa The Four Horsemen of the Apocalypse, iliongozwa na Rex Ingram, ikatoka Machi 1921, na hadithi imetolewa kwa riwaya ya Mhispania Vicente Blasco Ibáñez. Tuko ndani ya baa ya La Boca, mtaa wa bandarini huko Buenos Aires, ingawa picha zenyewe zilipigiwa California. Moshi umejaa. Valentino ako pale na kofia pana ya bapa, suruali ya kuvimba imeingizwa ndani ya buti, kwa visigino kuna vile vyuma vya kumchokoza farasi, kiboko mkononi. Anatazama jamaa na dada wakicheza. Anatoa moshi kwa pua pole pole kama mtu hana haraka na maisha, anaenda, anamwomba yule dada, jamaa anakataa, na jamaa anakula kiboko. Ndio sasa Valentino anamshika Beatrice Dominguez kiunoni na dunia nzima ikapagawa, na kijana ambaye hadi hapo alikuwa anapewa vijisehemu vidogo akaamka staa.

Sasa nguo. Hizo ni za gaucho. Gaucho ni mchunga ng'ombe wa zile mbuga kubwa za Argentina, mtu wa farasi na mifugo, na dansi zake anazo tena nzuri: kuna malambo, wanaume wanashindana kupiga miguu chini na buti na hakuna kushika mwanamke, kuna zamba ya kupunga leso. Tango haikutoka huko. Tango ni mtoto wa bandarini, Buenos Aires na Montevideo ng'ambo ya mto, miaka ya mwisho ya 1800, kwa nyumba za kupanga ambapo familia chungu nzima wanagawana uwanja mmoja na bomba moja kama ploti zetu za Nyalenda. Mwanamume wa tango wa wakati huo alikuwa kijana wa mtaa, suti ya kubana, kofia imelalia jicho moja, kitambaa shingoni, viatu vya kuteleza kwa sakafu. Hebu jaribu kumzungusha dada ukiwa na vyuma kwa visigino uone kama soksi zake zitabaki.

Ni kama mtu wa Hollywood aje afanye muvi ya ohangla, ngoma ya Wajaluo, hapo Kondele halafu staa avae shuka nyekundu na rungu ya Mmasai. Mguu unaweza ukawa sawa kabisa lakini Kisumu nzima itacheka hadi chai imwagike. Kwa hivyo hapo mama ameshinda, moja bila.

Lakini ngoja. La Boca ulikuwa mtaa wa Waitaliano, haswa wa kutoka Genoa. Waitaliano na Wahispania walishuka Argentina kwa meli kwa mamilioni, wengi wao wanaume peke yao, hawana bibi hawana shamba, jioni hawana pa kwenda, na hao ndio walijaza zile baa tango ikikua. Na huyu Valentino ni nani? Ni Mwitaliano, amezaliwa 1895 Castellaneta kule kusini, akafika New York mwisho wa 1913 akiwa na miaka kumi na nane, akahangaika na vibarua, mwishowe akaajiriwa Maxim's, klabu ya dansi, kucheza na akina mama wenye pesa kwa malipo. Yaani huyo ni mhamiaji mwenye njaa anayekula kwa miguu yake. Ungemvua zile nguo za gaucho ukamrudishia suti aliyoshuka nayo melini, ungekuwa na mtu wa La Boca kamili amesimama mbele yako na hakuna fundi wa nguo angehitajika. Kijana wako hakujua hii lakini macho yake yaliona kitu. Watu wa filamu walimfunika mtu wa kweli kwa nguo za uongo.

Kitu kingine, na hii inaniuma zaidi kuliko kofia: filamu haina habari na watu weusi. Tango bila Mwafrika haipo. Candombe, ngoma ya wazao wa watumwa, ndio moja ya mizizi yake, kuna habanera, dansi iliyotoka Cuba, nayo ina damu yetu ndani, na hata neno tango zamani kule lilikuwa la kuita mahali watu weusi walikutana kupiga ngoma na kucheza. UNESCO walipoitambua tango mwaka 2009 walitambua na candombe ya Uruguay mwaka huo huo. Hao unawaona wapi kwa ile baa?

Na kabla tuwalaumu Wamarekani peke yao, 1925 Francisco Canaro, mwanamuziki mkubwa wa tango kutoka Buenos Aires, alipeleka okestra yake Paris. Kanuni za huko zilibana wanamuziki wa kigeni, ukitaka kupiga lazima muonekane kama maonyesho ya utamaduni wa kwenu. Hao vijana wa town ambao pengine farasi walimjua wa kukokota mkokoteni wa maziwa tu, wakavaa nguo za gaucho wakapiga tango. Wenyewe! Carlos Gardel, mwimbaji wa tango, naye picha zake na nguo hizo ziko. Uongo ukilipa bili hata mwenye mali anauvaa.

Alama zangu: nguo sufuri, kiboko sufuri. Kukumbatiana na kutembea, nampa zaidi ya nusu. Tango ni kutembea, Mwalimu unajua, kifua kwa kifua, mwanamume anaingia mwanamke anarudi nyuma, na kule kusimama ghafla na kuvunja kiuno kulikuwa kwa tango ya zamani kweli, wenyewe waliita corte na quebrada, si mambo ya kubuniwa California. Kamera imeongeza chumvi lakini mboga ipo.

Halafu usizime simu hapo, sogeza mbele. Filamu hio hio inahamia Paris kabla ya vita ya 1914, Valentino sasa ako na suti anacheza tango na mabibi wa kizungu saa ya chai. Hio sehemu watu hawaiongelei kabisa na ndio iko karibu na historia, juu kweli 1913 Paris na London zilirukwa na akili kwa sababu ya tango, hadi Kaiser wa Ujerumani akakataza maafisa wake kuicheza wakiwa na sare. Ukimaliza, watafutie filamu ya Argentina inayoitwa Tango!, ya 1933, hio tayari ina sauti, ndani yake kuna El Cachafaz, mchezaji wa mtaani mwenyewe, akicheza na Carmencita Calderón. Si kijana tena wakati huo na si wa kupendeza uso kama Valentino. Muache mama wa omena amtazame miguu halafu umuulize.

SWALI: Anko, mbona kwa hizi filamu watu wanatembea kama wameingiliwa na siafu? Na kama hakuna sauti walikuwa wanacheza kwa mziki gani? Babangu anasema huenda walikuwa wanahesabu tu moja mbili tatu. – *Fundi wa Redio, Free Area, Nakuru*

JIBU: Mpe mzee salamu. Tuanze na siafu. Kamera za wakati huo ziliendeshwa kwa kuzungushwa mkono, picha kama kumi na sita hadi ishirini na kitu kwa sekunde, inategemea mkono wa mwenye kuzungusha. Baadaye sauti ilipokuja mashine zikafungwa kwa 24. Sasa ukichukua filamu ya mkono ukaiendesha kwa 24, kila mtu anapata haraka. Tango ambayo ilikuwa inanyemelea inageuka kuku wa kufukuzwa. Kwa hivyo ukiona nakala yenye kasi ya ajabu usimlaumu mchezaji, tafuta iliyorekebishwa, ama wewe fundi ipunguze mwendo kwa simu mwenyewe.

Mziki ulikuwepo. Kwa studio mara nyingi walileta wanamuziki wakapiga pembeni ili waigizaji wapate hisia, lakini haukurekodiwa. Kwa jumba la sinema alikuwepo mpiga piano, mahali pa pesa okestra nzima, na kila mji ulisikia kivyake. Hio tango unayosikia kwa klipu leo mtu ameibandika juzi juzi kwa kompyuta yake, wengi wanapenda wimbo wa La Cumparsita, sasa unakuta mguu na ngoma haviongei. Mimi nakushauri zima sauti kabisa. Utaona anakanyaga wapi, utaona pumzi, utaona dada anangoja.

Na kwa vile wewe ni mtu wa Nakuru nikupe ya ziada. Kile kinanda cha kulia lia cha tango kinaitwa bandoneoni, kimetengenezwa Ujerumani, kikavuka bahari kikawa cha Argentina hadi leo ukisema si chao watakupiga. Ni ndugu ya akodioni. Sasa muulize mzee wako kuhusu mwomboko, atabasamu tu: akodioni, karing'aring'a ya chuma ya kugonga, mwanamume na mwanamke wameshikana wanainama pamoja, dansi ya Wakikuyu ya miaka ya arobaini iliyochota kwa waltz na dansi za Waskoti. Huku kwetu Wajaluo wakachukua akodioni hio hio wakaiita onanda. Hakuna mtu hapa anauliza mwomboko ni feki juu kinanda kilitoka Ulaya.

SWALI: Yule Valentino alikuwa na ua la rosi mdomoni ama hakuwa nalo? Nimewekeana soda na bibi yangu. – *Naivasha*

JIBU: Hakuwa nalo, alikuwa na sigara. Hilo ua limeingizwa na vichekesho na matangazo ya baadaye hadi sasa ukichora tango bila ua watu hawaitambui. Na wewe uko Naivasha, uliza mtu yeyote wa kuvuna maua huko kama anaweza kuuma shina la rosi dakika tatu. Lipa ama ulipwe soda yako.

SWALI: Anko, mimi ni wa Khayega. Umekuwa ukiwacheka Wamarekani, lakini nenda kwa hoteli za hapa uone isukuti, ngoma yetu, inavyochezwa, vijana hata si wa kwetu, wamevaa nguo za madoa ya chui ya dukani. Hio tofauti yake na Valentino ni gani? – *Mtoto wa Isukha*

JIBU: Ndugu yangu, umenishika kola. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilikuwa kwa hoteli moja, harusi ya mtu wa ofisini, wakaletwa wachezaji. Kijana wa mbele alikuwa na sketi ya katani juu ya suruali ya jezi, saa mkononi, na uso wa mtu anayefikiria nauli ya kurudi. Nikasema moyoni basi, hii ni bure. Halafu mzee mmoja nyuma na ngoma ndogo kwapani akaamua. Sijui niseme vipi, ni kama alikuwa anangoja wengine wachoke. Alipoanza kuipiga, mhudumu aliyekuwa anapita na trei ya soda mabega yakaanza kutetemeka yenyewe, trei imetulia mabega yanaenda, na mama mmoja wa umri akavua viatu akaingia katikati bila kualikwa. Dakika nne hivi ilikuwa isukuti. Kisha emsii akasema asanteni sana na keki ikaletwa.

Kwa hivyo tofauti na Valentino ni ndogo kuliko ningependa. Jambo moja ni sawa kabisa. Isukuti kwenu ina kazi: mazishi, kuzaliwa mtoto, harusi, kumpeleka fahali uwanjani kule Shinyalu. Watu hawaiangalii, wanaingia. UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, na sababu haikuwa nguo za dukani. Walisema wapigaji wengi ni wazee na vijana wa kurithi hawaji. Tango nayo kwa kwao watu wanazunguka sakafu pamoja, wamebanana, kinyume na mshale wa saa, na ustadi ni kumlinda dada asigongwe na wapita njia. Hollywood wakafukuza kila mtu kwa sakafu wakabakisha wawili watazamwe. Mimi huo uongo wa sakafu tupu naona ni mkubwa kuliko wa kofia, na hoteli zetu zinaufanya kila Jumamosi.

Ila sitasema wasicheze. Bomas, kile kituo cha utamaduni kule Nairobi, kikundi kimoja kimekuwa kikicheza ngoma za makabila yote tangu miaka ya sabini na kuna watoto wa mjini wameona isukuti hapo kwa mara ya kwanza wakaenda nyumbani kumuuliza nyanya. Filamu ya 1921 ilifanya kitu kama hicho, watu waliokuwa hawajui Buenos Aires iko wapi wakaanza kutafuta mwalimu wa tango. Wengine walidanganywa hadi mwisho, ni kweli. 1923 Valentino alipogombana na studio alizunguka Marekani na mkewe Natacha Rambova wakicheza tango na nguo zile zile za gaucho, na wadhamini walikuwa kampuni ya udongo wa kupaka uso, Mineralava. Udongo wa uso! Hoteli zenu angalau zinauza chakula.

SWALI: Kwani hakuna filamu bubu ingine ya tango isipokuwa hio moja? – *Kitale*

JIBU: Ziko. Mfaransa Max Linder alifanya kichekesho cha mwalimu wa tango 1912. Charlie Chaplin ako kwa Tango Tangles ya 1914, hana masharubu, amelewa, ni ugomvi wa dada mmoja ndani ya ukumbi wa dansi na tango yenyewe ni ya jina tu. Douglas Fairbanks kwa The Gaucho ya 1927 anacheza na Lupe Vélez wamefungwa pamoja na ile kamba ya mawe ya kutegea ng'ombe miguu. Ya Fairbanks ni uongo mtupu na nimeitazama mara tatu.

SWALI: Tango ni ya kuweka kwa kachumbari. – *Asiyetaka Jina, Bungoma*

JIBU: Tango *hilo* ni la kachumbari, tango *hii* ni ya miguu. Ngeli, mheshimiwa, ngeli.

SWALI: Anko tunaomba msaada. Harusi yetu ni Desemba hapa Busia, mchumba wangu ameona ile filamu na sasa anataka wasimamizi wote wanaume waingie na kofia pana, buti na vile vyuma vya visigino, wacheze tango na wasichana wa laini hadi mbele. Mimi nataka suti. Tumenuniana wiki mbili. – *Bibi Harusi Mtarajiwa*

JIBU: Binti, kofia mwachie, picha zitatoka vizuri. Kiboko mwambie wazi hakiingii kanisani, padre akikiona mtabaki kwa geti. Vyuma ndio usikubali kabisa hata akilia. Tango ni mguu wa mwanamume kuingia karibu na wa mwanamke, na laini yenu mmeikodishia magauni marefu hadi chini, si ndio? Mzunguko wa kwanza tu chuma kitashika pindo, na mwenye duka la kukodisha hajali kama ni mambo ya 1921, atakata depoziti yote. Fanyeni mazoezi na viatu vya ngozi vya kuteleza, sakafu ikiwa ya simiti nyunyizeni unga wa talki kidogo, na ukumbi usiwe mtupu, mziki ukianza waiteni na wazee waingie. Kama kuna shangazi wa kwenu anayejua onanda, mpe nafasi ya mbele.